Mwaka Baba Alipokwenda Kuangalia Majani

Jirani yangu wa sasa ana pikipiki kubwa ambayo huiwasha Jumamosi asubuhi na kuiacha ingurume peke yake, huku yeye akinywa kahawa barazani. Mwaka jana, siku moja baada ya mvua, aliiegesha karibu na rundo la majani aliyokuwa ameyakusanya pembeni mwa njia. Moshi wa petroli ukachanganyika na harufu ya majani yaliyolowa yanayoanza kuoza. Nilikuwa natoka dukani na mifuko mikononi. Niliiweka chini, nikaketi kwenye ngazi, na sikuweza kuinuka mpaka jirani alipokuja kuniuliza kama naumwa. Nilimwambia ni kizunguzungu tu. Ningemwambia nini kingine? Kwamba mimi, mtu mzima mwenye watoto, nikiona pikipiki na majani pamoja naanza kutafuta maiti iko wapi?

Mliotoka Uvira, mashariki mwa Kongo, mnanielewa. Wengine inabidi niwaeleze. Kwetu mwendesha pikipiki ya abiria tunamwita motari, na kituo chake tunakiita parkingi. Motari akifa, wenzake wa parkingi hawamwachi apelekwe makaburini kimya kimya. Wanakata matawi mabichi, ya mparachichi, ya mkaratusi, ya mti wowote ulio karibu, wanayafunga mbele ya taa za pikipiki zao, kisha wanapita mji mzima kwa kundi moja wakipiga honi bila kuacha. Wenye maduka wanashusha milango nusu. Kina mama wanashika midomo.

Nilikuwa bado mtoto wa kubebwa mabegani nilipoliona kundi hilo kwa mara ya kwanza. Aliyenibeba alikuwa Mjomba Kashindi, kaka mkubwa wa mama yangu. Nilimwuliza kwa nini pikipiki zimeota majani. Akanijibu kwamba zinamsindikiza mwenzao, anakwenda na harudi. Mtu mzima husema jambo mara moja na kulisahau, lakini mtoto hulichukua akaenda nalo. Mimi nililichukua lile jibu nikavuka nalo mpaka, nikakaa nalo kambini, na nikaingia nalo Amerika bila mtu yeyote kwenye uwanja wa ndege kunipekua na kulikuta.

Baba yangu na Mjomba Kashindi walikuwa motari wa parkingi moja, pamoja na rafiki yao tuliyemwita Papa Olivier. Vita vilipofika mtaani kwetu, Mjomba ndiye aliyenikalisha juu ya tenki la pikipiki yake akanivusha mpaka Burundi, Mama akiwa nyuma ya Baba. Kwa woga nilikojoa juu ya lile tenki. Miaka yote ya kambini Mjomba alinitania kwamba nilimharibia rangi ya chombo chake na kwamba nikiolewa ataidai kwa mume wangu. Nilimpenda kuliko ndugu wengine wote, na sioni haya kusema hivyo mbele ya waliobaki. Kisha safari za wakimbizi zikatutawanya. Sisi tuliletwa Louisville, Papa Olivier akapelekwa Columbus na kuhamia kitongoji cha Hilliard, na Mjomba na mkewe wakapata Buffalo, ambako alisema theluji haijui kupumzika.

Tulikaa Shively, pembeni mwa Louisville, pamoja na wadogo zangu waliozaliwa kambini, kwenye nyumba ndogo yenye uwanja mkubwa nyuma. Baba alifanya kazi ya ghala, Mama alihudumia wazee. Majira ya kwanza ya kupukutika majani yalipofika, niliamini miti ya mtaani kwetu imeugua. Kwetu jani likiwa jekundu au la manjano lina kasoro, unalitupa. Nilimkataza Mama kuchuma lengalenga, mchicha wa kwetu, aliyoiotesha uani, nikimwambia ugonjwa umeshuka kutoka kwenye miti. Shuleni mwalimu alitutoa nje tuokote majani na kuyabandika kwenye karatasi, watoto wenzangu wakayashangilia. Nami nilibandika, kisha nikanawa mikono vizuri.

Mwaka uliofuata Baba alinunua pikipiki kwa mfanyakazi mwenzake aliyeshindwa na magoti. Mama alimwuliza kama gari limegoma. Baba alicheka tu. Aliisugua kila Jumapili baada ya ibada, akaanza kupiga mluzi ndani ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu tufike Amerika nilimwona akitembea kama alivyotembea Uvira, mabega nyuma, kama mtu anayengojewa mahali. Nilifurahi kwa ajili yake. Sikuona ubaya wowote katika ile pikipiki mpaka jioni ile ya mwisho wa kiangazi alipotangaza mezani kwamba wao watatu, yeye na Papa Olivier na Mjomba, watakwenda kuangalia majani.

Alieleza kwa utaratibu, kana kwamba alikuwa amejifunza maneno hayo kabla. Yeye angetoka Louisville mpaka Hilliard na kulala kwa Papa Olivier. Kesho yake wangepanda wote wawili mpaka Buffalo kwa Mjomba. Kutoka hapo kuna vilima upande wa kusini ambako watu hutoka mbali kuja kutazama miti ikibadilika. Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Majani? Yale yenye unakataaka kufagia hapa inje?"

"Bon, wazungu banaendaka," Baba alisema. "Juu ya nini siye tusiende?"

Mimi sikucheka. Nilibaki na tonge mkononi. Pikipiki, majani, na motari wa parkingi moja wanaokusanyika kutoka miji mitatu. Walikuwa wanakwenda kuzika. Kitu pekee nisichokijua ni nani wanayekwenda kumzika.

Kuanzia hapo nyumba yetu iligeuka ofisi ya safari. Baba alipata ramani ya karatasi, kwa sababu hakuiamini simu barabarani, akaitandaza kwenye meza ya chakula ikawa inakaa hapo siku nzima, nasi tukawa tunakula tumeweka sahani juu ya Ohio. Alikwepa barabara kuu zenye malori, akachagua njia ndogo zinazopita mashambani. Kila jioni aliwapigia wenzake, simu ikiwa katikati ya meza, sauti juu. Papa Olivier alikuwa mtu wa maswali: mvua ikinyesha je, matairi ya nyuma yatafika, ni kweli kulungu wa kule wanaruka mbele ya taa jioni? Mama aliyasikia ya kulungu akayashika hayo hayo. Kila Baba alipokunja ramani, alimkumbusha kulungu.

Siku ya kuondoka haikuwa imepangwa. Walisema itategemea miti. Mjomba alikuwa na mti mmoja mbele ya dirisha lake, na kila jioni alitupa habari zake: bado kijani, sasa umeanza kileleni, sasa upande wa barabara umewaka. Papa Olivier alitaka wangoje likizo yake. Baba alitaka wafike rangi zikiwa zimekamilika. Mjomba hakubishana na yeyote. Alisema tu waje mapema.

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Zamani alizungumza kwa kupiga kelele, kama motari anayeita abiria, ila sasa alisema maneno machache na kupumua, halafu machache tena. Wala hatukumwona uso. Mama alilalamika kwamba siku hizi kaka yake anajificha kama bibi harusi, naye akajibu kwamba simu ilianguka, kamera ikafa. Mama alimwuliza kifua hicho ni cha nini. Baridi ya Buffalo, akasema, na Mama akamwelekeza achemshe tangawizi na limau. Baba aliichukua simu akatoka nayo nje. Nilimfuata kwa macho kupitia dirishani. Alikuwa amesimama kando ya pikipiki yake, mkono juu ya kiti, simu sikioni, na alikaa hivyo muda mrefu akisikiliza.

Watu wazima wa siku zile waliamini mtoto haoni. Mimi niliona yote, nikaelewa vibaya karibu yote. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa amekufa bado, niliamua kwamba kuna atakayekufa, na kwamba wakubwa hujua mapema siku ya mazishi kama wanavyojua siku ya harusi. Basi nikaanza kuangalia ni nani anayeagwa.

Nilipata jibu haraka. Baba alimwonyesha Mama jinsi ya kuwasha mashine ya kupasha joto nyumba, na swichi kubwa ya umeme iko wapi giza likitushika. Mimi alinifundisha kufunga mlango wa nyuma, ule unaohitaji kuinuliwa kidogo, akaniambia kuanzia sasa hiyo ni kazi yangu. Alikwenda kwa mzee mmoja wa kanisani ambaye hawakuwa wanasalimiana tangu ugomvi wa ngoma za kwaya, akamwomba msamaha, wakarudi nyumbani kwetu wote wawili wakacheka na kunywa chai. Mama aliona ni kawaida. Motari wa kwetu hafungi safari ndefu akiwa na kinyongo na mtu, kwa sababu barabara za kule hazikuwa na dhamana. Lakini mimi sikuwa nimewahi kumwona Baba akiomba msamaha, hata alipokosea. Kisha nikamkuta chumbani akikunja suti yake nyeusi, ile ya misiba, akiiingiza kwenye sanduku la pembeni la pikipiki. Nani huvaa suti kwenda kutazama miti?

Nilipata homa siku hiyo. Mama alidhani ni shule.

Nilimwuliza mwishowe, jikoni, mchana, akiwa anakata vitunguu. Nilimwuliza kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili yale maneno yalikataa kutoka: Baba anakwenda kufa? Aliweka kisu chini, akanifunika mdomo kwa kiganja chenye harufu ya vitunguu, na akakiacha hapo mpaka nikakosa pumzi.

"Usirudilie kusema ile kitu," alisema. "Ukisema kifo ku nyumba, unaifungulia mulango."

Alinipaka mafuta ya maombi kwenye paji la uso na akaniombea palepale. Nilitegemea kupata nafuu. Badala yake mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu tangu siku hiyo Mama naye alianza kumwangalia Baba. Alimwangalia akila, akifunga viatu, akisinzia kwenye kochi. Utani wa kulungu ukaisha. Mara mbili nilimsikia akimwomba asubiri mwaka mwingine, na Baba, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa kukubali ili yaishe, akamwambia mwaka mwingine haiwezekani. Hakusema kwa nini.

Jumapili ya mwisho kanisa zima lilitoka kwenye maegesho kuiombea pikipiki. Pasta alimwekea Baba mikono kichwani, wengine wakaweka mikono juu ya tenki na juu ya kiti, wakaimba. Mtu alinisukuma taratibu niweke na wangu. Nilikataa. Mikono mingi juu ya kitu kimoja nilikuwa nimeiona mara moja tu, na kilikuwa sanduku la mbao. Mama Pasta, mke wa pasta, aliniita mtoto mwenye haya.

Baba aliondoka asubuhi yenye ukungu. Mti ulioko ng'ambo ya barabara ulikuwa umeanza kuwa wa manjano, na majani machache yalikuwa yamenata kwenye kiti cha pikipiki kwa umande. Niliyabandua moja moja kabla hajatoka nje, yote, nikayatia kwenye pipa la taka na kufunga kifuniko. Mama alimfunga skafu shingoni akikaza kuliko ilivyohitajika. Alimwambia akifika apige, akipumzika apige, hata akisimama kukojoa apige. Baba alinibusu kichwani na kuniuliza aniletee nini kutoka kwenye vilima. Nilimwambia ajilete mwenyewe. Alinitazama kidogo, kama aliyetaka kuuliza, kisha akashusha kioo cha kofia na sikumwona tena macho.

Alipiga kutoka Hilliard. Alipiga njiani karibu na ziwa. Alipiga alipofika Buffalo, na Mama akamtaka ampe kaka yake, lakini Baba akasema ametoka kidogo. Jioni alipiga tena, na kaka bado alikuwa ametoka kidogo. Mama alisema basi, hao wanaume wakikutana huwa hivyo, akaenda kazini.

Kesho yake mchana iliingia picha. Papa Olivier aliituma kwa mkewe na mkewe akaituma kwa Mama, nadhani bila ruhusa ya yeyote. Pikipiki mbili zimesimama mbele ya nyumba ya mbao. Baba amevaa suti nyeusi, Papa Olivier vilevile. Na mbele ya taa za pikipiki zote mbili yamefungwa matawi makubwa ya majani mekundu, mekundu hasa, yamefunika taa mpaka usukani.

Mama aliipanua picha kwa vidole. Alitazama matawi, akatazama suti, akatafuta pembeni na nyuma, akarudi kwenye matawi. Alikuwa amezaliwa Uvira, alijua kuliko mimi. Alimpigia Baba, hakupokea. Alipiga tena na tena. Siku nzima Baba hakupokea. Usiku uliingia ujumbe mfupi wa maandishi kwamba wote ni wazima, betri inaisha. Baba hakuwahi kuandika ujumbe katika maisha yake. Alisema vidole vyake ni vya kushika breki.

"Aline," Mama aliniuliza, "juu ya nini bamefunga majani?"

Aliniuliza sababu, kama mtu anayemwuliza mwenzake wa rika moja. Nilimwambia sijui. Tulikaa wote wawili kwenye kochi, wadogo zangu wakitazama katuni, na hofu niliyokuwa nimeibeba peke yangu tangu mwisho wa kiangazi sasa ilikuwa na watu wawili wa kuibeba, na haikupungua hata kidogo.

Siku iliyofuata, saa za kutoka shule, Mama Pasta alibisha hodi. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya nguo za kazi. Alisema alikuwa anapita tu. Nyuma yake akaja yule mzee wa ngoma za kwaya, naye anapita tu. Kisha mama wawili wa chama cha wanawake, kisha Pasta mwenyewe, ambaye muda huo alipaswa kuwa kiwandani. Hakuna aliyeuliza habari za nyumbani. Mzee aliinua meza ya katikati akaiweka ukutani, na mama mmoja akazima televisheni ya wadogo zangu.

Nyinyi mnajua. Kwetu mtu haambiwi msiba kwa simu, wala haambiwi akiwa peke yake. Watu wanakuja kwanza, wanajaa, wanahakikisha kuna mikono ya kutosha kukushika, ndipo mmoja anafungua kinywa. Kwa hiyo mfiwa hujua kabla ya kuambiwa. Anajua kwa idadi ya viatu mlangoni. Kitu asichokijua ni jina tu.

Mama alikuwa jikoni anasonga bugali. Aliwaona wakiingia, aliona meza ikiondolewa, na hakuacha kusonga. Pasta alimwita kwa upole aje aketi: Mama Aline, kuya uikale. Akasema bugali haijaiva. Akaongeza unga. Ilipokuwa ngumu akaongeza maji, kisha unga tena, mpaka sufuria ikajaa kuliko ambavyo familia yetu ingeweza kula kwa siku mbili. Nilikwenda nikashika kiuno chake kwa nyuma. Nilikuwa nasema kwa Kiingereza, usiende Mama, usiende kule, kwa sababu niliamini kwamba kama hatasikia, haitakuwa imetokea. Nadhani naye aliamini hivyo. Mama Pasta ndiye aliyeingia, akazima jiko, akamtoa mwiko mkononi taratibu, akamwongoza sebuleni nami nikiwa bado nimening'inia.

Hakuketi. Pasta alisimama mbele yake, wale mama wawili wakasogea karibu.

"Mama Aline, jikaze," alisema. "Ni kaka yako. Kashindi wa Buffalo ametuacha asubuhi ya leo."

Mama alianguka magotini. Wale mama walimdaka, wakidhani ni kuzimia, lakini haikuwa kuzimia. Aliinua mikono yote miwili juu, unga bado umeganda kwenye vidole, na akapaza sauti mpaka majirani nadhani walisikia.

"Asante Yesu. Asante. Asante Bwana, umemulinda."

Nami nilikuwa naruka. Niseme ilivyokuwa: niliruka. Baba yangu yu hai, Baba yangu hakufa, na mwili wangu mzima uliruka sebuleni mbele ya watu waliokuja kulia. Sijawahi tena kufurahi namna ile, hata siku ya harusi yangu, hata nilipozaa.

Mzee wa kwaya alitazama chini. Nikaona uso wa Mama ukibadilika, mikono ikiwa bado juu, kwa sababu yale maneno ya Pasta yalikuwa sasa ndiyo yanamfikia. Kaka yako. Midomo yake ililitamka jina bila sauti, Kashindi, kama anauliza. Kisha alipiga yowe ambalo sitalieleza.

Baba aliwasili kesho yake jioni. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri ili atuchukue kwa gari twende mazishini. Nyumba ilikuwa imejaa, viatu mpaka barazani, Mama ameketi chini kwenye mkeka na kitenge kichwani. Baba aliingia na suti chini ya koti la mvua, akaketi mbele yake kwenye sakafu, akaeleza kila kitu.

Alikuwa amejua tangu kiangazi. Ilikuwa kansa ya tumbo. Kashindi alimwapisha asimwambie dada yake, maana atamlilia kila siku kwenye simu na yeye anataka asikie sauti yake ikicheka. Alisema pia kwamba amewaona Wakongo wakizikwa Buffalo: gari refu jeusi, kimya, watu wachache, mji hata haugeuki kutazama. Hakutaka hivyo. Alitaka parkingi yake imsindikize, na alitaka aione kwa macho yake. Basi walivaa suti, wakakata matawi uani kwake, wakambeba wakamkalisha nyuma ya Baba. Mkewe alimfunga mgongoni kwa Baba kwa kitenge, kama mtoto, kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kushika. Walipita vile vilima vyote, Papa Olivier nyuma akipiga honi, wazungu wakisimamisha magari yao na kuwapungia mikono wakidhani ni sherehe. Baba alisema kwamba njia nzima alikuwa anasikia kidevu cha Mjomba begani. Alikuwa mwepesi sana. Alikuwa anataja rangi.

Watu walilia. Hata Pasta alilia. Ilikuwa habari nzuri, na mpaka leo watu wa jamii yetu huisimulia pale mtu anaposema kwamba huku ugenini hatuna urafiki tena. Mama hakulia. Alimngoja amalize.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Alinikataza."

"Balikuya kuniambia kaka yangu amekufa," Mama alisema polepole, "na mimi nikapiga magoti mbele ya batu nikasema asante. Nilishukuru Mungu, Papa Aline. Ndiyo kitu ya kwanza nilimupatia kaka yangu, asante. Weye ulimupatia majani."

Baba alibaki pale sakafuni, kofia ya pikipiki mapajani, matope ya majimbo manne kwenye viatu. Alikuwa amerudi mzima, mikono yake yote miwili, macho yake, kila kitu nilichokuwa nimemwombea Mungu tangu mwisho wa kiangazi. Nilikuwa nimeketi hatua chache tu kutoka kwake, nimeegemea bega la Mama, na sikuinuka kwenda kumpokea.